Kuni za Chuo Zimetoka Wapi? Somo kwa Kamati za Manunuzi



Wanakamati wa vyuo vya ufundi na shule za bweni wa huku kwetu, kuanzia Watamu na Gede hadi Mida, hutuuliza sana swali hili: "Tutamjuaje mletaji mzuri?" Wengi wamezoea njia moja. Wanachukua kotesheni tatu, wanatazama bei iliyo chini, wanapiga muhuri, kazi imekwisha. Hatusemi njia hiyo ni mbaya. Hata sheria inataka bei zishindanishwe. Lakini bei ya chini ni jibu la swali moja tu, na yako mengine ambayo kamati nyingi haziyaulizi kabisa. Katika somo hili tutafuata zaidi mfano wa kuni, manake jiko la chuo halilali, na manake hapa kwetu kuni zina maneno kuliko bidhaa nyingine yoyote iingiayo stoo.

Bei ya chini hulipwa na nani?

Chuo kilichoko Watamu kina majirani wawili wakubwa. Upande wa bara uko msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndani yake mna ndege na wanyama wasioonekana mahali pengi pengine duniani. Upande wa bahari iko hori ya Mida na mikoko yake, pamoja na hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka wa 1968. Vyote viwili vina miti, na miti yote hiyo haina mtu aliyeipanda kwa jembe lake. Hapo ndipo penye shida.

Mti wa shambani una mwenyewe. Alinunua mche, akapalilia, akangoja miaka, akalipa vibarua wa kukata. Anapouza, bei yake lazima ibebe hayo yote. Mti wa kuibwa msituni hauna gharama ila ya shoka na ya usiku. Kwa hiyo katika kotesheni tatu, aliyeiba atashinda kila mara, na yule aliyepanda atashindwa kila mara. Kamati inayotazama bei peke yake inamwambia mkulima, bila ya kujua, kwamba kupanda miti ni ujinga.

Na ile nafuu tuliyoipata kwenye kuni kuna wanaoilipa. Wako akina mama wa vijiji vilivyo ukingoni mwa msitu, wanaookota kuni kavu kwa kibali, na ambao kila mwaka hulazimika kwenda ndani zaidi. Wako wavuvi wa Mida, manake kamba, kaa na samaki wengi hukulia kwenye mizizi ya mikoko. Kwenye hesabu za chuo hawa hawaonekani.

Jambo hili si geni hapa. Wazee wanaukumbuka muhugu, mti mgumu ambao ukikatwa hunukia vizuri. Wachonga vinyago waliupenda sana, na maduka ya watalii yaliuza kila kilicholetwa bila ya kuuliza umetoka wapi. Muhugu ukapungua mno katika Arabuko-Sokoke. Kuanzia miaka ya 1990, shirika la WWF na wenzake wakaanza kuwahimiza wachongaji, wakiwemo wa chama cha ushirika cha Malindi, wageukie mwarobaini, ambao umejaa mashambani na ukikatwa huchipua tena. Haikuwa rahisi. Mwarobaini usipokaushwa vizuri hupasuka, na ikabidi watu wajifunze kuukausha. Lakini tazama mabadiliko yalianzia wapi: kwa wanunuzi walioanza kuuliza. Mchongaji hawezi kubadilika peke yake wakati mnunuzi hajali.

Mfano mwingine uko Gede. Mradi wa Kipepeo ulianza mwaka wa 1993. Wakulima waishio kando ya msitu hufuga viwavi, huuzia mradi buu, na mradi huwatuma ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Buu aliyeharibika hanunuliwi. Mkulima anajua mapema nini kinachotakiwa, na anajua kwamba msitu ukiisha, vipepeo wa kuanzia kazi watakwisha pia. Huo ndio ununuzi tunaousema: mnunuzi ana masharti, na masharti hayo yanalinda mahali bidhaa inapotoka.

Mlango kwanza, alama baadaye

Kamati nyingi zikisikia habari za mazingira hutengeneza fomu ya alama: bei alama kadhaa, ubora kadhaa, mazingira kadhaa, halafu wanajumlisha. Sisi tunaona hapo kuna mtego. Ukiweka asili ya kuni kuwa alama 10 kati ya 100, mwizi atapata sifuri kwa asili, atapata zote kwa bei, na bado atashinda. Umempa nafasi ya kufidia wizi kwa urahisi wa bei.

Kwa hiyo tunashauri hatua mbili. Kwanza uwe na mlango. Mambo ya mlangoni hayana alama. Mtu anapita au hapiti. Kwa kuni na makaa, jambo la mlangoni ni asili. Kwa mahindi na maharage ni usalama wa chakula. Kwa samaki ni zana walizovuliwa nazo. Asiyepita mlangoni, kotesheni yake haifunguliwi, hata akileta kwa shilingi moja. Waliopita ndio wanaopewa alama.

Mlango wenyewe unalindwa kwa kuuliza. Tuchukue mfano wa mazungumzo kati ya mtunza stoo na mtu wa lori:

"Mzee wangu, karibu. Kuni hizi umezikata wapi?"

"Aah, mama, huko juu tu."

"Huko juu wapi? Shamba la nani?"

"Shamba la jamaa. Wewe si wataka kuni? Kuni ndizo hizi."

"Nazitaka, mzee. Lakini kamati itataka jina la mwenye shamba, na siku ya kwenda kuliona. Jumamosi wafaa?"

Mwenye kuni halali atasema Jumamosi, au atasema Jumatatu. Atalalamika kidogo kwamba mnamsumbua, lakini atawapeleka. Yule mwingine hataonekana tena, na hiyo pia ni faida. Swali la adabu limefanya kazi bila ya kumwita mtu mwizi mbele ya watu.

Macho nayo yasaidie. Lori la kuni za shambani huwa na mti wa aina moja au mbili, iliyolingana umri, mara nyingi mvinje au mwarobaini. Lori lenye miti ya kila namna, mingine minene na mizito kama chuma, mingine imepindapinda, mtu aulize mara mbili. Likija usiku, mtu aulize mara tatu. Karatasi ya kusafirishia ya Shirika la Misitu itazamwe tarehe na namba ya gari, manake kibali cha safari moja kinaweza kutembezwa safari nyingi. Kwa makaa, kanuni za mwaka 2009 zinataka kila anayesafirisha awe na kibali pamoja na cheti cha kuonyesha yalikotoka. Asiye navyo, mlangoni hapiti. Na Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, vyuo vilivyokuwa vimezoea wakulima wa mvinje havikuwa na sababu ya kuhangaika, kwani miti ya mashamba ya watu haikuwa katika amri ile.

Nendeni mkaone shamba

Ziara ya shamba ni nusu siku na nauli ya bodaboda. Tunaihesabu kuwa ndiyo kazi kubwa ya kamati kuliko vikao vyote. Mkifika, msitazame miti iliyosimama peke yake. Tazameni visiki, halafu muulize kitalu kiko wapi.

Sababu ni hii. Mvinje ni mti mzuri sana kwa Kilifi yetu: unakua upesi, unastahimili mchanga na upepo wa chumvi, na baada ya miaka michache tu watoa fito na boriti. Lakini ukishaukata, kisiki chake hakichipui vizuri. Asiyepanda miche mipya ameuza shamba lake mara moja, na mwakani atatafuta kuni pengine ili asiipoteze tenda. Mnaweza kukisia huko pengine ni wapi. Mwarobaini ni tofauti, kisiki chake hutoa machipukizi. Basi mkulima wa mvinje aulizwe miche, mkulima wa mwarobaini aulizwe huyaacha machipukizi mangapi na huyakata baada ya muda gani. Mkulima wa kweli atajibu bila ya kufikiri, na pengine atawashika mpaka jua lizame akiwaelezea.

Chuo kikijenga banda, mambo ni yale yale. Msichukue boriti za mikoko kwa mazoea ati kwa kuwa ndivyo babu zetu walivyojenga. Babu zetu walikuwa wachache. Mvinje unafanya kazi hiyo, ila upakwe dawa ya mchwa.

Hesabu ya kuni mbichi

Hapa tuwaombe wahasibu wakae karibu. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia jikoni, moto unaanza kwa kuchemsha maji ya mti kabla ya kuchemsha maharage yako. Kilo moja ya kuni mbichi hutoa kiasi cha nusu ya moto wa kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri kwa jua na upepo, na hatujasema lolote bado juu ya moshi na macho ya wapishi.

Tuseme chuo kimepata kotesheni tatu za tani 5 za kuni. Bei hizi ni za mfano tu. Mtu wa lori anataka sh. 20,000, kuni mbichi. Mkulima mmoja mwenye mvinje anataka sh. 30,000, kuni kavu. Kikundi cha akina mama chenye shamba la pamoja kinataka sh. 32,000, kuni kavu pia. Kwa mazoea, mtu wa lori keshapata tenda. Lakini ili apate moto sawa na wa tani 5 zilizokauka, mpishi atahitaji tani 9 au 10 za mtu wa lori. Hizo ni sh. 36,000 hadi 40,000. Kumbe rahisi imekuwa ghali, hata kabla hatujauliza zimekatwa wapi.

Yafaa pia chuo kiwe na banda la kuni, lenye paa na lililo wazi pembeni, na kinunue mapema, miezi mitatu kabla ya kutumia. Na jiko lenyewe litazamwe. Jiko lililojengewa, lenye mlango na bomba la moshi, hula kuni kidogo sana kuliko mafiga matatu chini ya sufuria ya ugali wa watu mia. Hakuna mletaji mzuri kama kuni ambazo hukuzihitaji.

Kutoa alama

Tuendelee na mfano wetu. Mtu wa lori ameshindwa kuonyesha shamba, amebaki nje. Wamebaki mkulima na kikundi. Kamati imekubaliana, kabla ya kufungua bahasha, kwamba bei itakuwa alama 40, ukavu na ubora 25, kupanda tena 20, kuleta kwa wakati 15. Hilo la kabla ya kufungua bahasha tunalisisitiza. Mkipanga alama baada ya kuona majina, mtazipanga zimfae mtu.

Bei mwaihesabu hivi: aliye chini kabisa anapata 40 zote. Mwingine, chukueni bei ya chini, mgawanye kwa bei yake, mzidishe kwa 40. Elfu 30 kugawanya kwa elfu 32, mara 40, ni 37 na nusu. Kumbe tofauti ya sh. 2,000 imempunguzia mtu alama mbili na nusu tu.

Mkulima: bei 40, ubora 18, kupanda tena 8 kwa kuwa visiki ni vingi na miche ni michache, wakati 12. Jumla 78. Kikundi: bei 37 na nusu, ubora 21, kupanda tena 18 kwa kuwa kitalu kipo na kinamwagiliwa, wakati 9 kwa kuwa hawana gari lao. Jumla 85 na nusu.

Kikundi kimeshinda, lakini msikimbilie kuwapa zote. Gari wanalokodi likiharibika, wanafunzi watalala njaa. Sisi tungewapa akina mama sehemu kubwa na mkulima sehemu iliyobaki, na tumwambie mkulima wazi kwamba alama zake za miche ndizo zilizomwangusha, mwakani tutarudi kuhesabu. Mletaji aliyeshindwa ana haki ya kujua ameshindwa wapi. Wengi wetu huwaacha wanadhani wenzao walihonga.

Vitu vingine kwa ufupi

Mahindi. Tusisahau mwaka 2004 kule Ukambani, mahindi yenye sumukuvu yalipougua watu 317, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haionekani kwa macho sikuzote, na kupika hakuiondoi. Huongezeka pale mahindi yanapowekwa ghalani kabla ya kukauka. Kipimo cha kuhifadhi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Chuo kisicho na mashine kitumie chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tieni mahindi na chumvi kavu kidogo, tikiseni, mngoje dakika 15. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, yarudi yalikotoka. Kipimo hiki kinaonyesha unyevu peke yake. Mahindi yaliyolowa zamani kisha yakaanikwa yanaweza kukipita. Kwa hiyo yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yanayonuka uvundo nayo yakataliwe, na mzigo mkubwa upelekwe ukapimwe sumu.

Samaki. Juya na bunduki za kuvulia zilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, lakini samaki wa juya mnawajua: wadogo wadogo, wa kila aina, wengine hawajafika hata kiganja. Ongeeni na kamati ya wavuvi wa bandari yenu, muulize nani anavua kwa dema, kwa mshipi na kwa jarife lenye macho makubwa. Menyu nayo iregezwe. Chuo kikitaka changu kila Ijumaa, mtu atatafuta changu popote. Kikisema "samaki wa msimu", jodari akiwepo watakula jodari.

Plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilikatazwa tangu 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 hairuhusiwi kuingia na chupa, vikombe, sahani na mirija ya plastiki ya kutumia mara moja katika hifadhi, pamoja na ufuo wetu wa hifadhi ya bahari. Mletaji wa mkate na wa vinywaji aandikiwe hivyo katika oda, halafu mtunza stoo akague.

Na sisi je, ni wanunuzi wazuri?

Jambo hili huwa halimo katika fomu, na kwetu ni zito. Sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 inazitaka taasisi za umma zitenge angalau asilimia 30 ya thamani ya manunuzi yao ya mwaka kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vyuo visivyo vya umma havibanwi, lakini tunaona ni mfano mzuri wa kufuatwa. Kisha mama anapewa tenda, anafurahi, anapiga vigelegele, anakopa kwenye chama chake anunue mzigo. Analeta. Halafu anaambiwa mtia sahihi wa cheki amesafiri. Mwezi wa pili anaambiwa karo hazijaingia. Mwezi wa nne chama kimemchukulia cherehani yake.

Kwa mama karanga pesa ya leo ndiyo mtaji wa kesho asubuhi. Ukimkalisha siku 90 umemfunga biashara. Na matokeo yake ni kwamba anayebaki ni yule mwenye pesa ya kungojea, ambaye mara nyingi ni yule yule mwenye lori la usiku. Kwa hiyo chuo kinachotaka waletaji wadogo kiandike katika oda siku ya kulipa, na kabla ya kutoa oda mwekahazina athibitishe kwamba pesa zipo. Hazipo, oda isitoke. Wadogo walipwe papo hapo au ndani ya wiki mbili. Mwenye duka kubwa la jumla anaweza kungoja siku 30.

Wadogo wasaidiwe na karatasi pia. Si kila mama anajua kujaza kotesheni, na wengine wakiona fomu ya kurasa sita wanaiacha mezani. Fomu iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na mtunza stoo awe tayari kumwandikia asiyeweza, mbele ya shahidi.

Shemeji mwenye lori

Kila chuo kina mkubwa, na kila mkubwa, kwa bahati ya ajabu, ana shemeji mwenye lori. Hatusemi shemeji asilete kuni. Huenda zake ni nzuri. Tunasema mwenye undugu aseme wazi, iandikwe katika kumbukumbu za kikao, na atoke nje wakati wa kutoa alama. Wanaotoa alama wawe watatu au zaidi, mmoja wao awe mpishi. Mpishi ndiye anayejua kuni zipi zinawaka, na kwa miaka mingi ndiye mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Tajeni wanaowaletea kuni, mahindi na samaki mwaka huu. Ni wangapi ambao mmefika mahali bidhaa zao zinapotoka?

2. Katika chuo chenu, ni mambo gani mngeyaweka mlangoni bila ya alama? Mkitofautiana, kila mmoja aeleze sababu.

3. Pimeni kuni za wiki moja kwa mzani, na muandike zimepika milo mingapi. Wiki ijayo pimeni kuni zilizokauka. Hesabuni gharama ya mlo mmoja kwa kila wiki.

4. Mwekahazina alete orodha ya wanaokidai chuo, na tarehe ambayo kila mmoja alileta mzigo. Nani mdogo kuliko wote katika orodha hiyo, na atalipwa lini?

Makundi yatakayopima kuni kama katika swali la 3 yatuletee hesabu zao ofisini, tuzichapishe katika toleo lijalo pamoja na majina ya miti waliyotumia.